Mifugo ya Mkwe Wangu

Ule mji unanuka. Naanza na hilo kwa sababu kila anayekuja hapa Chamazi kunipa pole ya safari ananiuliza habari za theluji na maduka, na mie theluji sikuiona. Nilikuta matope, upepo na harufu. Ukishuka garini harufu inakupiga usoni, ukiingia ndani unaikuta kwenye mapazia, ukivua ushungi ulale imo kwenye ushungi. Nikamuuliza mwanangu Najma, "Nini hii?" Akasema, "Mbolea, mama, wanamwaga mashambani, ndio msimu wake." Nikasema Alhamdulillahi, mbolea ni riziki. Laiti ningejua ni mbolea ya nani.

Mie naitwa Mwamvita, Mama Najma, na kazi yangu ni kukanda wazazi. Mwanamke akijifungua hapa Chamazi, kuanzia kule uwanja wa mpira mpaka lami inapoishia, ninaitwa mie. Siku arobaini namkanda kwa maji ya moto, namfunga tumbo kwa kanga, namfukiza, namnywesha uji wa pilipili manga, na mtoto namsinga mafuta ya nazi. Miaka thelathini sijawahi kumwacha mzazi katikati. Hata mwaka ule niliofiwa na mume, niko ndani kwenye eda, wazazi wawili niliokuwa nimewaanza waliletwa na bajaji nikawamalizia sebuleni kwangu. Ulizeni mtaa mzima.

Basi mwanangu wa pekee alipopata mimba huko Denmark, hapakuwa na mjadala, lazima niende. Mumewe ni wa huko huko, anaitwa Anders. Alikuja kujitolea kufundisha umeme kwenye chuo kimoja Chang'ombe, ndiko walikokutana na Najma. Alisilimu kabla ya ndoa, tukampa jina la Idrisa, na shikamoo anaitoa mpaka kwa watoto. Baba yake alipofariki wakahamia kwao akashike shamba. Nikamuuliza Najma kwenye simu, shamba la nini? Akasema, "Anafuga, mama." Wangapi? "Kama elfu tatu."

Elfu tatu! Sikuuliza tena. Nilikata simu nikaenda moja kwa moja kwa jirani yangu Bi Hija, ambaye ukimpa habari saa nne, adhuhuri imefika Mbagala, nikamwambia mkwe wangu ana ng'ombe elfu tatu. Nani aliniambia ng'ombe? Hakuna. Nilijisemea mwenyewe. Tangu siku hiyo kila Alhamisi, darsa la kina mama likiisha na Mwalimu Mwishehe akianza dua, lazima nimkumbushe: "Na mifugo ya mkwe wangu, mwalimu." Naye anainua mikono, anaomba Mungu aizidishe na aikinge na maradhi, na kina mama wote wa mtaa wanaitikia amin. Miaka miwili. Sikukosa Alhamisi hata moja.

Siku ya kuondoka mwalimu akanipa chupa ya maji aliyoyasomea. "Kanyunyize zizini," akasema. Niliifunga kwa kanga tatu nikaiweka katikati ya sanduku, pamoja na udi na pilipili manga, ikafika salama.

Sasa mji wenyewe. Jina lake lina herufi imepigwa mstari katikati, kama mwalimu wa hesabu kaikosoa, na ukitaka kulitamka lazima ujifanye unataka kutapika. Mtaa mmoja, kanisa moja, duka moja, na nyumba za matofali mekundu zisizo na mtu mlangoni. Siku ya kwanza nilikaa nje nimejitanda vizuri, nikisubiri majirani waje kumwona mtoto. Hakuja mtu. Wanapita na baiskeli, wananitazama, halafu wanatazama barabara. Huku kwetu mtoto akizaliwa hata mbaya wako atakuja, angalau aangalie kafanana na nani. Kule walileta kadi, wakaitumbukiza kwenye sanduku la barua, wakakimbia.

Chakula? Mkate mweusi, mgumu, una chembechembe kama ulianguka mchangani. Wana pipi nyeusi za chumvi. Idrisa alinipa moja kwa heshima zote, nikaitemea kiganjani, nikakosa pa kuitupa, nikaishika mpaka chumbani. Mbwa analala kwenye kochi na watu wanajibana pembeni wasimsumbue. Chooni hakuna maji, kuna karatasi tu. Watu wazima! Nikachukua jagi la Najma la kupimia unga nikalifanya kopo langu, na kila akiuliza jagi liko wapi, namwambia sijaliona.

Na mtoto, jamani. Wamempa jina langu, somo yangu yule, halafu wakamlaza nje! Ana siku tano duniani, wanamviringisha mablanketi wanamweka kwenye kigari bustanini, baridi ya kukata masikio, ndani ya uvundo ule, eti apate hewa safi. Mara tatu nilimrudisha ndani, na mara ya tatu nikafunga mlango kwa ufunguo, ufunguo nikautia kifuani. Najma akacheka. Siku zile alikuwa bado anacheka kidogo.

Maana mwanangu hakuwa mzima. Mwili ulijifungua salama, lakini moyo ulikuwa umelala. Analia bila sababu, maziwa hayatoki, mtoto anapewa chupa. "Hapa sina mtu, mama," akaniambia. "Idrisa anatoka alfajiri. Siku nyingine nikiisikia sauti yangu mwenyewe nashtuka." Nikamwambia nyamaza, mie nimekuja, siku arobaini zikiisha utakuwa mpya. Asubuhi na jioni nikawa namkanda. Nachovya taulo kwenye maji ya moto, naanzia kiunoni, narudi tumboni, na ninamwambia, "Pumua. Pole, pole mwanangu." Siku ya nane maziwa yakaanza kutoka. Siku ya kumi nikamsikia anaimba jikoni anaosha vyombo. Nikamshukuru Mungu nikalia peke yangu.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akifika nyumba ile. Kirsten, mama yake Idrisa, kizee kirefu kikavu, buti za mpira, mikono mipana, kucha zimekatwa mpaka kwenye nyama. Hana hodi. Anaingia, anasimama mlango wa chumba, anatazama ninavyokanda. Na ile harufu ya mji, kwake ilikuwa mara mbili. Nikawa namswaga kwa mkono kama ninavyoswaga kuku. "Toka, toka, mzazi hatazamwi." Naufunga mlango. Kesho yake yupo tena. Najma akasema, "Mwache, mama, anataka kujifunza." Nikasema akajifunze kuoga kwanza.

Siku ya kumi na mbili Idrisa alirudi mapema, kafurahi. "Mama, shikamoo. Leo twende kwenye mifugo. Najma kasema umeleta maji ya dua." Najma alikuwa kalala na mtoto. Nikavaa baibui langu la Idi, nikajifukiza udi, nikachukua chupa yangu. Shamba lilikuwa mbali kidogo na mji, nyuma ya miti, mabanda marefu meupe yasiyo na madirisha. Nikajiambia ng'ombe wa Ulaya wanalala ndani, baridi hii.

Kirsten alikuwepo. Sheria yao huingii kwa mifugo na nguo za nje, basi akanipeleka chumbani nikavua baibui, akanipa ovaroli la bluu na buti, nikabaki na ushungi wangu tu. Nikanawishwa mikono mpaka viwiko. Nikasema moyoni, hawa ng'ombe wana hadhi kuliko wagonjwa. Nikaishika chupa kwa mikono miwili, nikaanza kusoma kimyakimya. Idrisa akafungua mlango.

Nguruwe.

Mstari kwa mstari, wekundu wekundu, matumbo chini, mapua yamelowa, wamelala ndani ya vyuma, kila mmoja na vitoto vyake vinasukumana kunyonya. Wanakoroma, wanapiga kelele kama watu. Lile joto, na ile harufu niliyoivuta siku kumi na mbili, niliyoifukuza kwa udi, niliyolala nayo, sasa nikawa nimesimama kwenye chemchemi yake. Mate yakanijaa mdomoni. Na wallahi kilichonipanda kooni kwanza ni zile Alhamisi. Kina mama wa Chamazi, wengine magoti mabovu wanainuliwa na wenzao, wamekaa mkekani miaka miwili wanamwomba Mungu awazidishe hawa. Na walikuwa wamezidi!

Idrisa alikuwa kavua kofia. Amesimama kando yangu, kichwa kakiinamisha, viganja kavifungua juu kama tulivyomfundisha siku aliyosilimu, anasubiri ninyunyize. Maskini hakujua kama sijui. Yeye alidhani siku zote nimejua, nimekubali, na nimemletea maji kutoka kwetu. Nilitapika palepale, kwenye buti zao na ovaroli lao. Kirsten akaja na ndoo, akaniwekea mkono mgongoni. Nikausukuma ule mkono kwa nguvu. Chupa sikujua nimeiangusha wapi.

Nyumbani nilioga mara saba, na mara moja nikajisugua kwa udongo kama sheria ya najisi inavyotaka, na udongo wenyewe niliutoa kwenye chungu cha maua cha Najma kwa sababu nje sikuiamini ardhi yao. Nilipotoka bafuni Najma kakaa kitandani ananisubiri.

"Umenidanganya," nikamwambia.

"Sijakudanganya, mama. Hukuniuliza anafuga nini. Kila nikitaka kukwambia, unanitangulia, unasema leo tumeiombea mifugo. Ningesemaje tena?"

"Ungesema nguruwe! Una ulimi!"

"Ningesema ungekuja?"

Nisingekuja, na yeye alijua.

"Idrisa hali, mama. Hajaigusa nyama hiyo tangu asilimu. Ni shamba la baba yake, ndiyo kazi waliyokuta. Anatafuta njia ya kuuza na kuhama, lakini si jambo la siku moja."

"Na hela mlizonitumia za bati la nyumba yangu? Na baibui langu la Idi?"

Akainamisha kichwa. Basi nikajua na hivyo vilitoka wapi.

Siku saba zilizofuata sitaki hata kuzikumbuka, lakini nitazisema. Nilinunua sufuria mpya nikawa nachemsha mayai, mayai tu, asubuhi na jioni. Idrisa akitoa shikamoo naitikia ukutani. Najma nilimkanda, ndiyo, lakini nilimkanda na mdomo wangu ukifanya kazi. Nikichovya taulo natoa neno, nikifunga kanga natoa neno. Umeolewa na zizi. Umetutia najisi ukoo mzima. Somo yangu atanuka mpaka anaota meno. Yeye analala machozi yanaingia masikioni. Maziwa yakapungua. Mie ni mjuzi wa kazi hii, niliona yanapungua, nikajua kwa nini, na sikunyamaza.

Siku ya kumi na tisa Kirsten akaingia na sufuria. Supu. Akaiweka mezani, akafunua, akanionyesha kwa kidole mdomo wa Najma, kisha kifua chake, maana yake supu inaleta maziwa. Nikaibeba ile supu yote nikaimwaga kwenye sinki mbele yake.

"Mama!" Najma alipiga kelele sijawahi kumsikia. "Ni kuku! Kuku wa halali! Kamfuata mji mwingine, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi!"

"Sufuria si lao? Mikono si ile ile?"

"Basi inatosha. Inatosha, mama."

"Inatosha kweli. Mie nabadilisha tiketi, narudi kwangu."

Akanitazama, mtoto kifuani, na ule uso wa siku ya kwanza ukarudi nikiwa naona. "Leo ni siku ya kumi na tisa," akasema polepole. "Nani atanikanda?"

Kirsten alikuwa bado kasimama pale na kifuniko mkononi. Nikamnyooshea kidole.

"Akukande huyo mama nguruwe."

Kiswahili hajui. Lakini kidole alikiona, na sauti aliisikia. Akachukua sufuria lake kwenye sinki, akalisuuza, akalifuta, akatoka. Kesho yake Idrisa akanipeleka uwanja wa ndege, na wakati wa kuagana akatoa shikamoo.

Huku Chamazi nilisema baridi imenizidi, presha imepanda. Watu wakaniamini, wakaniletea na machungwa. Alhamisi mbili nikajifanya mgonjwa nisiende darsani, nisije nikaisikia ile dua. Ng'ombe wangu elfu tatu Bi Hija alikuwa keshawafikisha elfu tano. Najma nikimpigia hapokei. Ujumbe anausoma, hajibu. Nikajiambia atapoa. Nikarudi kazini kwangu, nikachukua mzazi mpya, binti mmoja wa Kimwera anaitwa Jenipher, kajifungua pacha, nyumba ya nne kutoka kwangu.

Ni kwake nilikokuwa simu ilipolia. Mikono imejaa mafuta, nikamwambia Jenipher anifungulie. Ni video, imetoka kwa Idrisa. Najma kalala kwenye mkeka wangu niliouacha, na aliyepiga magoti kando yake ni Kirsten, mikono kaikunja, anachovya taulo kwenye beseni linatoka moshi. Anaanzia kiunoni. Anarudi tumboni. Mikono ile mipana inakwenda taratibu, haikosei pahala. Ile mikono imezalisha maelfu ya nguruwe, inajua kilichochoka kinataka nini. Na mdomo wake unasema, kwa sauti nzito, kwa matamshi ya kuvunja meno: "Pumuwa. Pole, pole mwanango." Alikuwa akisikiliza mlangoni siku zote zile nilizomfukuza. Pembeni ya beseni kulikuwa na chupa ya Mwalimu Mwishehe niliyoiangusha bandani, maji yamefika nusu. Ikafuata sauti ya Idrisa: "Mama, shikamoo. Mama yangu anauliza, anakanda vizuri? Kama kuna kosa tuambie arekebishe."

"Heee," Jenipher akasema, "mzungu anakanda hivyo! Kafundishwa na nani?"

Nikamwambia lala chali, kanga imelegea. Nikaifunga, nikaifungua, nikaifunga tena. Nilijichukia, nasema kweli. Ule uchafu niliokuwa nautafuta kwenye sufuria za watu nilikuwa nimerudi nao mwenyewe.

Idrisa sikumjibu. Kosa halikuwepo.

Siku ya arobaini ya mtoto ikafika. Mtaa ulikuwa unaisubiri tangu nilipoondoka, siwezi kuikwepa, nikapika pilau, nikatandika mikeka uani. Baada ya Asri wakaja wote, Bi Hija mbele kajitanda kanga mpya, na zaidi ya nusu yao ni wanawake niliowakanda kwa mikono yangu. Mwalimu Mwishehe akasoma, akafika kwenye dua. Akamtaja mtoto. Akamtaja Najma binti Mwamvita. Kisha akanitafuta kwa macho, maana amezoea.

"Na mifugo ya mkwe, Mama Najma. Maji yalifika zizini?"

Mikono ya watu ilikuwa tayari juu.

"Ni nguruwe, mwalimu," nikasema.

Bi Hija akacheka, alidhani utani. Kisha akauona uso wangu. "Astaghfirullah! Umetuombesha nguruwe? Miaka miwili, Mama Najma? Miaka miwili naitikia amin na magoti yangu haya?" Akageuka akatema mate nje ya mkeka.

"Tema, una haki," nikamwambia. "Lakini ngoja nimalize, ujue wa kumtemea ni nani."

Nikawaambia yote. Supu, sinki, siku ya kumi na tisa, na lile neno nililolitoa, nikalirudia kama nilivyolisema. Nikaiweka simu katikati ya mkeka, wakaitazama ile video. Wale niliowakanda waliijua njia ile, kiunoni kwanza kisha tumboni, hawakuhitaji kuambiwa ni ya nani.

"Ulimwacha mzazi?" Bi Hija akaniuliza, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Wewe?"

"Mie."

Hakutema tena. Alinitazama tu, halafu akavuta kanga yake akaisogeza isiguse goti langu. Nguruwe bado wananichefua, sitasema uongo, hata sasa nikiwataja mate yananijaa. Lakini ile kanga inavyosogea, nililiona tendo langu kwa macho ya mwenzangu, nikataka kutapika kuliko siku ile bandani.

"Mwalimu," nikasema, "mifugo iache. Muombee yule mama. Muombee Mungu amlipe."

Mwalimu Mwishehe akachezea ndevu. Kisha akainua mikono, na mmoja mmoja wakainua, Bi Hija wa mwisho. Kwa kawaida yetu mtu akiombewa anatajwa na mzazi wake, ajulikane ni nani.

"Jina lake?"

"Kirsten."

"Binti nani?"

Wote wakanigeukia, viganja wazi, wananisubiri. Siku kumi na tisa. Kila siku alisimama mlangoni kwangu.

"Sijui, mwalimu," nikasema. "Sikumuuliza."